Nani Alifunga Milango ya Hewa?

Vijana wangu, ukitaka kujua kama hewa inatembea, usiulize pua. Pua ina tabia ya kuzoea. Ikae na harufu mbaya kwa muda mfupi tu, itakuambia harufu imekwisha, kumbe yenyewe ndiyo imechoka. Chukua uzi. Uzi wa kushonea, wa pamba, mrefu kama kidole cha kati. Ufunge kwenye kijiti, uushike mbali na mdomo wako, halafu nyamaza. Uzi hauna ukoo, hauna chama, hautafuti cheo. Ukiinamia upande huu, hewa inakwenda upande huu. Ukining'inia tu bila kutikisika, toka upesi, maswali utauliza nje.

Hayo nilifundishwa chini ya ardhi na mzee tuliyemwita Vié Kasongo, mpimaji wa hewa katika mgodi nilioanzia kazi. Mimi ni Sylvestre Ilunga, lakini watu wa mji wetu wa Likasi wananiita Papa Sylva. Nimefanya kazi ya hewa maisha yangu yote: kwanza mashimoni, halafu, miaka ya tisini nchi ilipoporomoka, juu ya ardhi, katika jengo hili mnamosomea ufundi. Nataka kuwasimulia jinsi lilivyojengwa. Si habari ya kujisifu, mtaona wenyewe.

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kuamini chaki. Chini kule tulikuwa na milango ya chuma ya kuongoza hewa, na kila mlango uliandikwa kwa chaki kama umefungwa au umefunguliwa. Siku moja nilipita mbele ya mlango ulioandikwa "umefungwa", nikaandika katika daftari langu "umefungwa", nikaenda kula. Kumbe kuna mtu alikuwa ameweka jiwe kwenye kizingiti ili asihangaike kufungua anapopita na toroli. Hewa yote ilipotelea pale, na watu watatu waliokuwa mbele walitoka wakitambaa, wanatapika, vichwa vinawauma kama vimepigwa nyundo. Walipona, Mungu alisaidia. Vié Kasongo hakunigombeza. Alinipeleka kwenye ule mlango, akanikalisha kwenye kizingiti na uzi wangu mkononi, akasema:

"Leo weye njo mulango. Kaa hapa mupaka saa ya kupanda."

Nikakaa zamu nzima. Kila aliyepita alinisalimia: "Jambo, Mulango." Jina hilo lilinifuata miaka miwili.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kushuku. Nilishuku maandishi, nilishuku vipimo vya wenzangu, nilishuku vyangu mwenyewe. Mke wangu Béatrice aliwaambia majirani: "Bwana wangu ukimuambia mboga iko na chumvi, anataka kwanza ushahidi." Kwa fundi, tabia hiyo ni nzuri. Nawaambia bado ni nzuri, shukuni michoro, shukuni saruji, shukuni fundi anayesema "usiogope". Lakini ngojeni mwisho wa habari.

Jengo hili lilichorwa mara ya kwanza na wageni. Katika mchoro wao kila chumba kilikuwa na mashine ya baridi ukutani, na katikati, ambako mwanga haufiki, waliweka maofisi ya kuwashiwa taa hata saa sita mchana. Halafu maduka ya mji yakaporwa, wageni wakafunga mizigo wakaenda kwao. Walituachia msingi, nguzo za orofa tatu, mfereji mrefu uliochimbwa kukata uwanja kwa ajili ya mabomba ya mashine zile, na michoro iliyoviringishwa ndani ya bomba la karatasi ngumu. Mashine zenyewe hatukuziona. Mgodi nao ulikuwa umelala nusu, na umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikuja ulivyotaka. Jioni taa ya nyumbani iliwaka nyekundu kama kaa la mbabula, jiko letu la makaa, huwezi hata kuona sindano.

Komite ya chuo ikamkabidhi kazi enjinia mmoja wa hapa, Kalala Joachim. Alizaliwa hapa Likasi, pale mtaa wa Panda, alisoma hapa, alioa hapa. Baba yake alikuwa ametoka mkoa wa Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi kabla yeye hajazaliwa. Alikuwa mrefu, mkimya, na kalamu ya risasi nyuma ya sikio saa zote, hata kanisani. Alikuja nyumbani kwangu, mtaa wa Kikula, siku ya Jumapili baada ya misa.

"Papa Sylva, bananiambia weye unajua hewa."

"Minye najua hewa ya shimo tu, Enjinia."

"Njo ile nataka. Minye nataka kujenga shimo. Ila hili litasimama juu ya udongo."

Béatrice akaondoa sahani, yeye akatandaza michoro mezani. Mashine zote za baridi alikuwa amezipiga mstari mwekundu. Maofisi ya katikati aliyafuta. Mahali pake aliacha uwazi mkubwa kutoka sakafu ya chini mpaka paa, umefunikwa kioo juu, na vyumba vyote vimeuzunguka vikitazama ndani. Aliuita atriamu. Alinieleza: jua litapasha moto hewa iliyo chini ya kioo, hewa ya moto itapanda, itatokea kwenye milango midogo kumi na miwili ya mbao pale juu. Ikitoka, itavuta nyingine, na hiyo nyingine itaingia kupitia matundu ya chini ya kuta za nje, ipite vyumbani, iwapoze watu, iende zake. Kuta za ndani zitapakwa chokaa nyeupe ili zishushe mwanga mpaka orofa ya chini. Kuta za nje ziwe nene, za matofali ya udongo wa kichuguu, na paa litokeze mbele kama kofia ili jua la mchana lisipige madirisha.

"Courant ikienda," akasema, yaani umeme ukikatika, "ile nyumba haitajua hata."

Nilielewa mara moja, maana ni kazi ile ile ya mgodi: shimo moja linavuta, jingine linaleta. Lakini baada ya yeye kwenda nilikaa nikawaza. Kwa nini mtu akatae mashine ambazo kila mtu anazitamani? Waashi walikuwa wananong'ona kwamba ameziuza. Kesho yake nilikwenda depo kutafuta makreti ya mashine. Hapakuwa na kreti hata moja. Mwenye depo aliniambia hazijafika kamwe. Mimi nikajiambia: kumbe ameshaziuza, na huyu naye amefundishwa la kusema. Tazameni akili ya mtu anayeshuku, vijana. Isipoona kitu, kule kutoonekana ndiko kunakuwa ushahidi.

Pamoja na hayo tulifanya kazi vizuri. Kalala alijua mambo. Alinifundisha kugonga tofali mbili pamoja: zikilia kama kengele, zimeiva, zikitoa sauti ya mguu ndani ya matope, rudisha tanurini. Alijenga mfano wa jengo kwa makartoni na kipande cha kioo, akauweka juani, akaniambia nipime. Nikashusha uzi wangu ndani. Ukainuka. Nikamwambia asogee pembeni, maana nilihisi anapuliza. Akasogea. Uzi ukainuka tena. Nikamwambia aende mbali zaidi, mpaka kwenye bomba la maji. Akaenda, akasimama pale anacheka peke yake, mafundi wote wanamtazama.

"Papa Sylva, minye niende mupaka Mulungwishi, njo utaamini?"

Uzi ulikuwa bado umeinuka. Nikaandika katika daftari: "Inavuta." Ila mtu mwenyewe sikumwandika popote.

Kuta zikapanda. Na kadiri zilivyopanda, mji ulikuwa unaharibika. Watu walianza kuulizana baba yako alitoka wapi. Mwanzo ilikuwa kwenye mikutano na redioni, halafu sokoni, halafu kwenye foleni ya bomba. Waashi wetu waliokuwa wakila bukari, ugali wetu, kwenye sinia moja, siku moja niliona wanakula makundi mawili. Hakuna aliyewaamuru. Waliosemwa kuwa ni wa Kasai, hata aliyezaliwa hapa na asiyeijua Kasai hata kwa ndoto, waliambiwa warudi kwao, wakaanza kuuza vitanda vyao. Kalala alikuja kazini kila asubuhi saa moja kasoro, kalamu nyuma ya sikio. Mafundi wengine waliacha kumwitikia salamu. Mimi niliitikia, lakini nilikuwa naangalia kwanza nani ananitazama.

Chakula chetu kilipikwa na Mama Véro, mjane wa makamo, mwenye sauti ya kumwamsha mtu aliyezimia. Jiko lake lilikuwa kwenye ukuta wa upande wa machweo, na kando yake alipanda tuta la matembele. Siku moja, kioo kilipokuwa kimeshawekwa na mimi nimeanza kujaribu milango ya juu, alinisimamisha na mwiko mkononi.

"Papa Sylva, ile nyumba yenu inakunywa moshi."

"Moshi gani, Mama? Moshi ni ya mbabula yako."

"Ya mbabula yangu minye naijua. Ile ingine inaleta kikohozi. Angalia matembele yangu, majani inaungua."

Nikatazama majani. Yalikuwa na madoa ya kahawia. Nikamwambia amwage majivu kidogo pembeni, wadudu watakwenda. Moyoni niliwaza: huyu mama anatafuta njia ya kuingiza jiko lake ndani ya jengo, ndiyo maana analalamikia hapa nje. Aliponiambia mara ya pili, nilijifanya nina haraka.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mambo yalipoanza. Ile milango kumi na miwili ya juu nilikuwa naifungua asubuhi kwa mkono wa chuma uliokuwa chini ukutani. Unazungusha, kamba ya chuma inavuta, milango inafunguka yote. Siku ya kwanza nilirudi saa nane mchana nikaikuta imefungwa. Nikafikiri kamba imelegea, nikaikaza. Baada ya siku mbili nikaikuta imefungwa tena. Safari hii nilipanda mpaka kwenye ujia mwembamba ulio chini ya kioo, na nikaona kwamba kamba imefunguliwa pale juu na kufungwa kwenye nondo kwa fundo zuri kabisa. Fundo halifungwi na upepo. Ni mkono wa mtu.

Mlango wa kuingilia kwenye ujia ule ulikuwa na kufuli, na nilijua funguo mbili tu. Moja iko mfukoni mwangu. Nyingine iko kwa Enjinia Kalala.

Nilimuuliza huku nimegeuza uso. Akasema hajui kitu, labda mafundi wa kioo. Mafundi wa kioo walikuwa wamekwenda tangu wiki iliyopita. Nikaanza kuandika: siku fulani, saa fulani, imefungwa. Siku nyingine zikapita bila tatizo, halafu tena imefungwa. Nilitafuta mpangilio, sikuuona. Kitu nilichokiona ni mtu mmoja mwenye ufunguo.

Ikafika siku ya komite kuja kujaribu jengo. Jambo lilikuwa zito, maana kuna wanakomite waliokuwa wanasema kuwa nyumba isiyo na mashine ni upuuzi, heri jengo lifungwe, wapewe wafanyabiashara kuwa depo ya mahindi. Wanafunzi walikuwa wanasoma ndani ya hangari la bati, mchana wanachemka kama viazi. Jengo likikataliwa, wangebaki kule.

Tulipanga kuwasha majani mabichi kidogo ndani ya ndoo katikati ya atriamu, moshi upande, utokee juu, watu waone kwa macho. Prezidenti wa komite alikuja na suti nyeupe. Asubuhi nilikuwa nimezungusha mkono wa chuma mwenyewe, nimeona milango imefunguka. Tukawasha saa saba. Moshi ukapanda vizuri mpaka orofa ya pili, mpaka ya tatu, ukafika chini ya kioo, ukasimama. Ukatanda. Halafu ukaanza kurudi, polepole, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Ukaingia vyumbani, ukamfikia prezidenti. Watu walitoka wanakohoa, na waliokuwa wanataka depo ya mahindi walikohoa kwa nguvu zaidi.

Kalala alisimama katikati, ametazama juu, mdomo wazi. Mimi nilimtazama usoni nikajiambia: anaigiza.

Komite ikanitaka niandike ripoti. Niliandika sentensi tatu. Ya kwanza: jengo linavuta hewa milango ikiwa wazi. Ya pili: milango imefungwa mara nyingi kwa mkono wa mtu. Ya tatu: mwenye ufunguo mwingine ni Enjinia Kalala Joachim. Hakuna neno la uongo pale. Nilikuwa nimejifunza kuandika nilichokipima tu, na niliona fahari kwa hilo. Sikuandika "sabotage", yaani hujuma. Neno hilo liliongezwa na wengine, na halikuhitaji safari ndefu, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshalijengea barabara.

Kalala aliondolewa kazini kesho yake. Alinikabidhi michoro, na ufunguo.

Basi nikawa mimi ndiye mkubwa wa kazi. Funguo zote mbili ziko kwangu. Nikafungua milango ya juu asubuhi, roho imetulia. Siku tatu hakuna kitu. Siku ya nne, saa saba mchana, nikainua macho. Imefungwa yote.

Vijana, Nikapanda. Kufuli limefungwa vizuri, kamba imefungwa kwenye nondo, fundo lile lile.

Tangu siku hiyo nilikula chakula changu nyuma ya mifuko ya saruji, orofa ya tatu, nimejificha kama mwizi wa kuku. Siku ya pili hakuja mtu. Siku ya tatu, jua likiwa utosini, nikasikia viatu vya plastiki vinapanda ngazi. Alikuwa Mama Véro, kapu la mihogo kichwani. Akatoa ufunguo kwenye fundo la kitenge chake, akafungua kufuli, akapita. Nikamfuata. Alikuwa ameshaweka kapu chini na anafungua kamba.

"Mama Véro! Unafanya nini?"

Hata hakushtuka. "Nafunga. Weye haunusi?"

"Huo ufunguo nani alikupatia?"

"Enjinia Kalala. Zamani, kioo haijawekwa. Alinionea huruma, akasema nipandishe muhogo yangu huku nianike, kuko kavu. Yeye alisahau, minye sikusahau."

"Na juu ya nini unafunga milango?"

"Papa, nilikuambia mara mbili! Nilikuambia ile nyumba inakunywa moshi. Angalia kule."

Akanyoosha kidole upande wa machweo. Bomba refu la kiwanda cha asidi, ambalo lilikuwa kimya miezi na miezi tulipokuwa tunachora na kupima, lilikuwa linafuka. Kiwanda kilikuwa kinaamka siku moja au mbili, kinalala, kinaamka tena kikipata vifaa. Upepo ulikuwa unatoka kule unakuja kwetu. Nikavuta pumzi. Koo likanichoma, macho yakatoa machozi. Nikatoa uzi wangu, nikashuka mbio mpaka kwenye matundu ya chini ya ukuta wa machweo. Milango ya juu alikuwa bado hajaifunga yote. Uzi uliingia ndani kwa nguvu, umenyooka kama fimbo.

Jengo lilikuwa linavuta vizuri mno. Lilikuwa linavuta gesi ya asidi na kuipitisha katika kila chumba ambamo wanafunzi wangekaa. Na mtu pekee aliyeiona hatari ile alikuwa mpishi, kwa sababu majani yake ya mboga yalikuwa yanaungua. Kule juu alikofika kuanika mihogo alikuwa amekuta harufu nene kuliko chini, akafanya lile alilojua: ukiona moshi unaingia nyumbani, funga.

"Na siku ile ya komite?" nilimuuliza niliporudi juu.

"Siku ile ilikuwa inafuka sana. Nikasema bakubwa watakufa humo. Nikafunga." Akaacha kamba. "Banasema juu ya ile njo balimufukuza Enjinia. Ni kweli?"

Niliacha kila kitu nikashika njia ya Panda kwa miguu.

Nyumba ya Kalala niliikuta haina milango wala madirisha, watu walikuwa wameshavichukua. Jirani mmoja aliniambia bila kunitazama: "Beko ku stesheni. Iko siku tatu." Ripoti yangu ilikuwa imesomwa kwenye mkutano wa mtaa.

Ninyi mliozaliwa baadaye hamwezi kujua stesheni ya Likasi ilivyokuwa siku zile. Familia kwa familia zimelala kando ya reli, chini ya maturubai na mashuka, zinangoja gari moshi la kuwapeleka Kasai, na gari haliji. Magodoro, masufuria, cherehani, watoto wanakohoa. Nilipita katikati yao nikiuliza jina, na kila niliyemuuliza alinitazama kwa mashaka: huyu anamtafuta wa nini? Walikuwa na haki.

Nilimkuta ameketi juu ya sanduku, mke wake na mabinti zake watatu nyuma yake chini ya turubai. Alikuwa hajanyoa ndevu. Kalamu ilikuwa nyuma ya sikio.

"Papa Sylva," akasema. Hakusimama.

Nikasema: "Ni Mama Véro. Alikuwa anafunga yeye. Ni gesi ya asidi, inaingia na matundu ya machweo. Minye niliandika..."

"Upepo ya upande gani?" akaniuliza.

"Ya machweo. Siku kiwanda inafuka."

Akafunga macho. Nilimwona anaingia ndani ya lile jengo, anazunguka vyumba vyote. Halafu akasema, kama anajisemea: "Bomba ilikuwa imelala. Tulipima na bomba imelala. Minye sikuuliza." Akachukua kipande cha kartoni kilichokuwa kimefunika sufuria, akatoa kalamu, akaanza kuchora juu ya goti. Ziba matundu yote ya machweo kwa tofali. Ule mfereji walioacha wageni, uliochimbwa kwa mabomba, ufunike, uwe njia ya hewa: uanzie bustani ya mawio, mbali na kiwanda, upite chini ya udongo, uingie katikati ya atriamu. Hewa itapoa humo humo ardhini. Ile milango ya juu igawe mafungu mawili, kila fungu na kamba yake, ufungue upande ambao upepo unakwenda, usifungue unakotoka. Na siku moshi umezunguka pande zote, funga kila kitu mpaka upite.

"Na nani atajua siku ya kufunga?" nikauliza.

"Yeye si anajua? Mupatie Mama Véro kamba. Kwa kazi, si kwa kujificha."

Akanipa kartoni. Niliipokea kwa mikono miwili. Nikasema, "Enjinia, ile ripoti ni minye."

"Najua. Balinisomea. Sentensi ya tatu balisoma mara mbili."

"Nitaenda kwa komite. Nitasema..."

"Useme, usiseme, minye gari ikifika napanda. Niko na batoto hapa." Akarudisha kalamu nyuma ya sikio. "Ile kartoni si yako, Papa Sylva. Ni ya banafunzi. Bale habakuandika ripoti."

Mke wake alikuwa ananitazama muda wote ule. Nikaondoka.

Nilikwenda kwa komite. Nilisema kwamba Kalala hakufunga milango. Prezidenti akanisikiliza, akasema ni vizuri tumejua, akauliza kama jengo linaweza kurekebishwa. Nikasema linaweza, nikatandaza kartoni mezani. Hakuna aliyeuliza imechorwa na nani, na mimi sikusema. Niliogopa kwamba jina lile likitajwa, wataikataa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Siku nyingine naishuku hata hiyo. Nilipotuma mtu stesheni baada ya siku nne kumwambia jina lake limesafishwa, gari lilikuwa limekwisha kuondoka.

Tulifanya kila kitu kama alivyochora. Mfereji ule ndio huo mnaousikia miguuni mkisimama katikati ya atriamu mwezi wa kumi, joto limekaza nje, na baridi inapanda kwenye visigino vyenu. Mama Véro alishika kamba mpaka uzee ulipomkataza ngazi, na aliwafundisha waliomfuata: tazama matembele kwanza, halafu bomba, halafu ndiyo uguse kamba.

Siku ya kufungua jengo umeme ulikatika katikati ya hotuba, kipaza sauti kikafa. Watu wakangoja giza na joto. Havikuja. Mwanga ulikuwa ule ule, hewa ile ile. Prezidenti akacheka, akapaza sauti: "Munaona! Nyumba haijajua hata!" Sijui maneno yale aliyapata wapi. Labda Kalala alikuwa amewaambia nao. Halafu akaninyooshea mkono, akasema: huyu hapa ndiye fundi aliyetufanyia kazi hii, Papa Sylva, asimame tumwone.

Nilisimama. Walipiga makofi muda mrefu. Mama Véro alikuwa mlangoni na sufuria zake. Hakupiga. Mimi niliinamisha kichwa kushukuru, nikakaa.

Nimeandika barua nyingi kwenda Kasai, kwa watu niliowajua na nisiowajua. Mmoja alijibu kwamba Kalala anafundisha hesabu katika shule moja. Mwingine alijibu kwamba hakufika, aliugua njiani. Sina uzi wa kupima lipi ni kweli.

Mkiulizwa nani alijenga jengo lenu, msiseme Papa Sylva, kama walimu wenu wanavyosema. Ni Kalala Joachim, mtoto wa Panda. Cha kwangu humo ni ripoti.